Sauti ya Jitu Lenye Mji Mgongoni

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na mgeni akilikuta hudhani ni la wateja. Wateja husimama. Benchi ni la Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye hata jua likichomoza lazima alitafutie kosa. Ni la Betri, fundi simu, mwenye jibu kabla hujauliza. Na ni langu mimi, fundi viatu, mwenye birika la kahawa, kwa hiyo mwenye benchi hasa; hao wengine ni wapangaji. Fundi mwenyewe, tunayemwita Cherehani, hukaa mlangoni nyuma ya mashine yake, anashona na kutusikiliza. Jana mashine ilikuwa kimya. Alikuwa ameshika kitabu, anasoma ukurasa, anafumba macho, anatikisa kichwa, anaurudia ule ule.

Nikammiminia kahawa, nikamuuliza kulikoni. Akasema ni kile kitabu cha jitu. Wa hapa wote tunakijua, ingawa wengi tulikipata kwa masikio tu: jitu limebeba mji mzima mgongoni, na kila asubuhi binti wa mwoka mikate anapanda mpaka sikioni kulibembeleza lisikae chini. Enzi hizo Cherehani alikuwa akimsomea binti yake hapa hapa kibarazani, mtoto kakaa juu ya marobota ya vitambaa. Sasa huyo mtoto ni mama wa mtu, anaishi mbali, na Jumamosi anakuja na mwanawe. Ameomba jambo moja tu. Babu amsomee mjukuu kitabu kile, na jitu liongee vile vile lilivyokuwa likiongea zamani.

Tatizo, bwana huyu ameangalia tamthilia iliyotokana na kitabu hicho. Tuliiangalia sote dukani kwa Betri, na ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Siku jitu lilipopiga chafya na mji ukatikisika, Breki alishika ukuta. Lakini jitu la kwenye runinga linaongea polepole, kwa sauti nzito yenye majonzi, kama mtu anayetangaza msiba. Cherehani akifungua kitabu siku hizi, sauti anayoisikia ni hiyo tu.

— Ya kwangu imepotea, alisema. Nimeitafuta wiki nzima. Mtoto alikuwa anacheka mpaka anaporomoka kwenye vitambaa. Leo nikisoma, nalia mimi.

Wala hakuwa anatania. Nilimwonea huruma, maana binti yule ndiye mboni ya jicho lake.

Betri akaingia kazini. Kwa maelezo yake, kichwa cha mtu ni kama simu ya laini moja: ukichomeka laini mpya, ya zamani lazima itoke. Dawa ni kusoma ukiwa umeziba masikio, ili sauti ya runinga ikose pa kuingilia. Pamba haikosekani kwa fundi nguo. Cherehani akajiziba, akasoma mistari miwili, akachomoa pamba. Akasema jitu bado liko msibani, isipokuwa sasa limetumbukia kisimani.

Breki akasema huo ni upuuzi mtupu. Shida ni kwamba Cherehani anasoma akienda mbele, barabara ile ile iliyopitiwa na tamthilia. Aanze ukurasa wa mwisho, arudi nyuma, tamthilia itapotea njia. Betri akamuuliza itakuwaje sasa, binti wa mwoka mikate kila asubuhi atakuwa anateremka kutoka sikioni badala ya kupanda? Breki akajibu kwamba hiyo ndiyo nafuu, atapumzisha magoti.

Mimi nikasema kilichopungua ni kahawa. Betri hakukubali. Akadai watu wa runinga wamezifyonza sauti zote kutoka kwenye nakala zote za kitabu hicho, popote zilipo, na ushahidi ni kwamba kitabu kimekuwa chepesi. Akakipima mkononi. Breki akamwambia kimekuwa chepesi kwa sababu jalada limeng'oka.

Wakati wote huo alikuwa amesimama muuguzi mmoja, mgeni mtaani, aliyefuata sare yake iliyokuwa inapunguzwa kiuno. Alikuwa anatusikiliza kwa adabu, kahawa yangu mkononi.

— Samahani wazee wangu, alisema. Hiyo sauti, fundi aliitoa wapi hapo mwanzo?

Tukatazamana. Cherehani alisema alijikuta tu anayo, hajui ilikotoka.

— Si binti aliisikia? Mpigie basi, mzee wangu.

Wiki nzima, hilo halikumjia. Akapiga, akaweka spika, akajieleza kwa aibu. Binti alicheka sana huko aliko. Halafu akakohoa, akaanza, na kibaraza kizima kikasikia:

— Nani kaongeza ghorofa huko nyuma bila kuniuliza? Eti nyumba moja tu, ndogo. Kila siku ndogo, ndogo. Huu ni mgongo, siyo stoo. Leo nakaa chini, na asinibembeleze mtu.

Cherehani aliinua kichwa taratibu. Betri naye aligeuka, na mimi nikageuka, na sote tukawa tunamtazama mtu mmoja. Enzi hizo Breki alikuwa akisimamisha lori ng'ambo ya barabara, anakuja kunywa kahawa na kulalamika wamemwongezea mzigo bila kumuuliza. Cherehani alikuwa anamsikia huku anashona. Mimi nilimsikia Breki miaka yote, na jitu miaka yote, wala sikuwahi kuwaunganisha.

— Mnanikodolea macho nini? akasema Breki. Mtu kajikalia zake, hajamgusa mtu. Na hili benchi mmelikalia vibaya, uzito wote mmenisukumia mimi. Eti kidogo tu. Kila siku kidogo.

Muuguzi alijiziba mdomo kwa sare yake. Simu ilikuwa bado hewani.

— Hiyo hapo, baba, binti akasema. Hiyo hiyo. Umeipata. Tangu nimwambie mwanangu kuhusu hiyo sauti, hapati usingizi.

Alidhani ni baba yake aliyesema, na hakuna aliyemsahihisha. Cherehani alisema asante mwanangu, akakata simu, akajipangusa macho kwa kipande cha kitambaa bila kujificha. Halafu akasoma ukurasa wake kwa sauti, jitu likalalamika kwa raha zake zote, na sisi tukacheka mpaka mtu wa duka la pili akatoka kuangalia.

Breki hakucheka. Alikuwa anatazama kikombe chake kitupu.

— Jumamosi, alisema, wanafika saa ngapi?