Msinipandishe Mlimani kwa Pikapu Ile

Sogeeni, wanangu, na dirisha lifungueni, maana neno nililobaki nalo ni moja na pumzi zangu si za kuchezea. Nyumba ni yenu nyote wawili, msiigombanie, hilo tulishalimaliza. Lakini jana niliwasikia ukumbini mkinong'onezana jinsi mtakavyonipeleka makaburini kule mlimani, jeneza katikati ya pikapu na wajukuu wote wamelizunguka, na usiku kucha sikupata usingizi. Kufa najua nakufa. Ninachokiogopa ni ule mlima.

Kwa pikapu ile nilibeba saruji mpaka nikawasomesha, naijua sauti yake kuliko yangu. Wewe kaka mtu, kila asubuhi ukitoka nakusikia: injini inapiga kelele, gari lenyewe linajikokota. Ukirudi, harufu ya kuungua inanifuata mpaka kitandani. Dada yako alipokuambia klachi imekwisha ukamkaripia, eti mwanamke anajua nini kuhusu magari, ukasahau kwamba mimi mama yako ndiye niliyekufundisha kuendesha! Na mwenyewe umekiri kwamba siku hizi klachi haishiki mpaka pedali ikaribie kufika juu kabisa. Dalili ya mvua ni mawingu, baba. Mjomba wenu naye, pikapu yake ilipoanza hivyo, alisema ni mlima tu, tukifika juu itachangamka. Ikaacha kuvuta katikati ya mlima, ikaanza kurudi kinyumenyume na mzigo wake, breki zikashindwa, na tulichokiokota bondeni sitakitaja leo.

Nakuona unatabasamu. Sikio la kufa halisikii dawa, basi lisikie gari. Nenda sasa hivi, waondoe watoto uani, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, tia gia ya nne, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Ikikataa kuzima, ndiyo imekwisha. Nenda, baba, sisi tunasikiliza.

Binti yangu, niinue kidogo. Hapo. Haya, amewasha... ametia gia... sasa anaachia.

Bado inaunguruma. Unaisikia, mama? Haizimi.

Basi ufunguo uushike wewe, usimpe kaka yako hata akulilie, mpaka fundi aishushe klachi ile na kuweka mpya. Mimi nibebeni mabegani, mpokezane, hata mkichukua siku nzima. Wajukuu wangu wapande mlima kwa miguu yao, na warudi kwa miguu yao. Usimcheke kaka yako, aibu aliyonayo sasa inamtosha. Mungu awaweke, awape umri mrefu kuliko wangu, na akupe wewe... sauti ya kusikilizwa... na yeye masikio.

Mbona kimya? Ameizima mwenyewe, au ni mimi... nisiyesikia tena? Usinililie, mama. Niache hivi hivi. Watoto wanapenda kupanda nyuma ya gari lile... nenda... nenda kachukue ufunguo.