Salamu Maria Sita na Nusu

Benchi la kijiji cha Mbuba, karibu na mpaka wa Burundi, lilikuwa ubao wa lori juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Muksini, fundi redio. Mwaka ule misafara ya kuwarudisha Warundi kwao ilikuwa imeanza, lakini asubuhi hiyo kijiwe kilikuwa na habari moja tu: mashindano ya jana. Mhandisi mmoja wa kigeni, mkataba wake ulipokwisha, aliacha rimoti mbili za kuongozea ndege za kuchezea, moja kwa Muksini, nyingine kwa Nduwayo, mkimbizi Mrundi wa kambi ya Lukole aliyekuwa msaidizi wa mhandisi huyo. Wawili hao wakachonga ndege zisizo na injini kwa maboksi meupe ya kuwekea chanjo, wakazirusha kwenye mteremko wa kilima, pale upepo unapopanda na kuzibeba. Rimoti zilikuwa za wimbi moja, kwa hiyo ndege hazikuweza kuruka pamoja. Kila mtu alirusha yake, mara nne kati ya mikaratusi miwili, na muda ukahesabiwa. Muksini akatangazwa mshindi, akapewa zawadi ya betri nane mpya. Tangu hapo kahawa ilikuwa haimshuki vizuri.

— Nielezeni polepole, alisema Bulugu, dereva wa malori ya mahindi, aliyekuwa ameingia kutoka Isaka alfajiri. Saa ya sekunde ninayo mimi, na jana sikuwepo. Mlipima kwa nini?

— Kwa Salamu Maria, alijibu Frednand, ambaye kila mtu alimwita Katekista, na kweli alikuwa katekista. Fundi alitumia sita. Mrundi, sita na nusu.

— Salamu Maria ya Jumapili au ya mtu anayewahi shamba?

— Sala ni sala. Haraka haraka haina baraka.

— Sasa kama haraka haina baraka, mbona mlimpa betri aliyewahi?

Kombo, muuza kahawa, alicheka huku akimimina.

— Mimi hesabu hiyo inanikataa, alisema. Mtu aitwe mkimbizi halafu ashindwe mbio?

— Uzito ndio siri, alisema Bulugu. Lori lenye mzigo linateremka kwa kasi kuliko tupu. Ndege ya Nduwayo haikuwa na mzigo.

— Ilikuwa na misumari tumboni, alisema Muksini. Aliiweka makusudi.

— Basi misumari ilikuwa ya Burundi, alisema Kombo. Ilijua kwao ni upande ule, ikawa inavuta ndege kwenda mpakani. Mwenda kwao si mtumwa.

— Usiseme hivyo, alisema Katekista. Mimi naona ni wimbi. Rimoti ya Fundi iliingiliana na redio ya parokia, ikapata nguvu za kanisa.

— Muksini ni Mwislamu, Katekista, alisema Kombo.

— Nguvu zikishatoka haziulizi.

Muksini hakucheka. Jana, ndege ya Nduwayo ilipopita kwenye mkaratusi, aliisikia ikipiga mluzi mkali ambao yake haikuwahi kuupiga. Alijua mluzi huo ni wa kasi, lakini akapokea betri.

— Katekista, alisema, ile nusu tuliyopishana ilitoka wapi?

Katekista aliangalia kikombe chake.

— Ndege yako ikiruka, mtoto wa Speciosa alipita akaniamkia, nikasimamisha sala. Shikamoo huwezi kuiacha hewani. Nikaitikia marahaba, nikamuulizia mama yake, nikaendelea.

— Na mama yake alikuwa mzima? aliuliza Bulugu.

— Alikuwa na malaria. Nikampa pole.

Benchi zima likageuka kumtazama. Hapo ndipo mwanamke mmoja alipofika, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vyekundu kwa vumbi. Alikuwa Nyirabahizi, mke wa Nduwayo. Alimpa Katekista shikamoo yake, akawasalimu wengine, akakataa kuketi.

— Fundi, mume wangu yuko kule kilimani. Lori letu linaondoka Ijumaa. Anasema ameshindwa, na hana neno. Ila ameniambia nije niulize, ameshindwa kwa sekunde ngapi? Akifika nyumbani anataka kujua bawa alipunguze kiasi gani.

Kombo aliacha kumimina. Katekista alianza kuhesabu kwa vidole, akafika cha tatu, akakunja ngumi.

Muksini aliinuka, akaingia kibandani, akatoka na ndege yake kwapani na betri nane mkononi.

— Shemeji, alisema, sijui. Na nadhani hakushindwa. Bulugu, vaa saa yako twende.

Walipanda wote, hata Kombo na birika lake. Nduwayo aliwaona wakija, akasimama na ndege yake. Muksini alirusha kwanza. Bulugu akatangaza sekunde thelathini na mbili. Nduwayo akarusha; ule mluzi ukapita juu ya vichwa vyao mara nne. Ishirini na nane.

Muksini alimwekea betri mikononi.

— Upepo wa leo umezidi wa jana, alisema Nduwayo, akitabasamu. Huwezi kuwa na uhakika.

— Basi turudie kesho.

— Kesho nafunga mizigo. Njoo wewe kwetu. Alinyoosha mkono kuelekea Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu. Kilima chetu ni kirefu kuliko hiki.