Injini Inayojua Kusubiri

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mwenyekiti wetu, kinyozi wa nusu ya vichwa ninavyoviona hapa. Ndugu wageni waalikwa. Wanachama wenzangu wa klabu ya ndege za rimoti: nawasalimu, na poleni na jua.

Katika ufunguzi huu wa uwanja wetu mpya nimepewa kazi nyepesi, niwaeleze wanachama wapya namna ya kuchagua injini ya ndege ya kujifunzia. Mwenyekiti amenisihi nisiwachoshe. Nitajaribu, ingawa ananijua.

Ile ndege ya njano pale mezani iliundwa na marehemu mume wangu, fundi saa, juu ya meza yetu ya chakula, sisi tukawa tunakula tumepakata sahani. Ilipofika zamu ya injini, nyumba haikukalika. Yeye alitaka injini kubwa, ya kuipandisha ndege wima. Mimi ndiye niliyekuwa najifunza, nikamwuliza mbele ya mashemeji zangu: hiyo ni injini ya mwanafunzi au ya mwalimu? Pua itakuwa nzito, ndege itakimbia kuliko mikono yangu, na gundi yako yote itaishia majanini. Alininunia siku nzima. Kisha akaenda dukani, akarudi na ile ya wastani niliyoitaka, akaiweka mbele yangu kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Na mnajua aliijaribuje? Aliifunga kwa bolti kwenye benchi uani, akawa anaiwasha kila alasiri kwa moto mdogo, mafuta yakiingia kidogo kidogo, ili ilainike, hadi jirani yetu nesi, ambaye hulala mchana, akaacha kutusalimia. Siku moja nikataka kuifungulia yote nisikie nguvu zake. Akanishika mkono.

"Kupanda, kila injini inapanda," aliniambia. "Punguza moto, tusikilize kama inajua kusubiri."

Ndugu zangu wapya, somo langu lote ni hilo. Mwanafunzi hukosea kutua, na akikosea lazima azunguke tena. Injini inayozimika ukiipunguzia moto haikupi nafasi hiyo. Ndege inashuka upende usipende. Chukueni ya wastani, isizidi ukubwa uliotajwa na watengenezaji wa ndege yenu, inayonguruma chinichini bila kukata.

Wageni wetu huenda hamjui kwamba hapa mwanafunzi na mwalimu huunganishwa kwa waya, rimoti kwa rimoti. Mwalimu akibonyeza swichi, ndege ni ya mwanafunzi. Akiiachia, ndege inarudi mikononi mwake. Na desturi yetu ni kwamba waya huo huchomolewa na mwalimu mwenyewe, siku anaporidhika. Mwalimu wangu alikuwa mume wangu, naye hakuwahi. Aliugua, akaenda zake. Mwenyekiti akaishika rimoti ya marehemu, na tangu hapo nimekuwa nikirusha ndege kwa waya, bibi mzima mwenye wajukuu, na nyinyi kwa adabu zenu mkajifanya hamuoni. Juzi nikamwuliza mwenyekiti ameniokoa mara ngapi.

"Mama, hiyo swichi sijawahi kuiachia," akasema. "Mimi nashika tu."

Basi waya ulikuwa wa nini? Nawaambia bila aibu: ulikuwa wa kumshika marehemu. Injini ikikohoa, bado nageuza shingo kushoto, pale alipozoea kusimama, nimsikie akisema tulia, mke wangu. Nimemkumbuka, ndugu zangu. Namkumbuka nikitandika kitanda, namkumbuka zaidi hapa, harufu ya mafuta inaponipanda puani na hakuna wa kubishana naye.

Mheshimiwa, ukishakata utepe, ndege ya njano ndiyo itakayoruka kwanza. Mwenyekiti amehangaika tangu asubuhi nani auchomoe waya, maana desturi inamtaka mwalimu. Mwanangu, usihangaike. Kabla ya kuja hapa nilipita makaburini, na waya nimemwachia mwenyewe.

Nawashukuru wote mlioniandalia siku hii, na asanteni kwa kunipa masikio yenu. Msiyachukue bado. Naenda kuwasha injini, halafu nitapunguza moto, na ninaomba sote tunyamaze kidogo, tuisikilize ikisubiri.