Mama Magogo, Aliyewabunia Watoto Viwanja vya Udongo

Marehemu, ambaye watoto katika shule tisa walimwita Mama Magogo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa mtunza stoo na mshonaji.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa na uwanja wa saruji tupu, ambako kukimbia kulikuwa kosa la viboko viwili. Mwaka 1978 alipata cheti cha uchoraji ramani.

Kwa miaka kumi na miwili alichora barabara na maegesho ya magari katika ofisi ya jiji, chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofunguka. Mwaka 1990 aliacha kazi hiyo, akaanza kubuni viwanja vya michezo vya asili: vilima vya udongo, magogo ya kupanda, vichaka vya kujificha, maji yasiyopita vifundo vya miguu. Kabla ya kuchora chochote alipiga magoti, akatambaa uwanja mzima ili auone kwa kimo cha mtoto. Mwalimu mkuu mmoja alimwuliza, "Mama, umepoteza hereni?" Akajibu, "Nimepoteza utoto, mwalimu. Njoo tuutafute."

Tarehe 14 Aprili 1984 alikuwa amefunga ndoa na fundi seremala. Ndiye aliyemlainishia magogo yote, huku akinung'unika, "Wenzangu wanawatengenezea mabosi meza, mimi nahangaikia kaptula zenye tope!" Walijaliwa binti mmoja.

Familia haitaki kuuruka mwaka 2009. Mwezi Machi, gogo ambalo marehemu alisimamia kufukiwa kwake lilibiringika, likamvunja mguu msichana wa miaka sita. Hadi leo anachechemea. Shule zikamwaga saruji juu ya viwanja vyake, kimoja baada ya kingine. Marehemu alimwandikia mama wa msichana barua tatu. Hakujibiwa. Hakuchora tena.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 2 Agosti 2023. Siku tisa kabla ya kifo chake, mama wa yule msichana aliingia wodini. Alikataa kiti.

"Sijaja kukusamehe. Miaka kumi na minne naambiwa ajali, ajali. Ilikuwaje?"

"Shimo lilikuwa fupi. Mvua ilikuwa inakuja, nikasema linatosha."

"Ulijua?"

"Nilijua, dada yangu."

Mama yule aliweka mkono kwenye chuma cha kitanda. "Mwingine angeisingizia mvua," alisema. Akamvutia shuka miguuni, akaondoka bila kuaga.

Binti wa marehemu alipomfuta mama yake machozi, marehemu alisema, "Acha, mwanangu. Angalau nimeulizwa."

Alifariki tarehe 30 Agosti, saa nne asubuhi. Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na kaka mmoja. Mola ampe utulivu alioukosa miaka yote hiyo.