Mama Unajuta na Wanaume wa Milimani

Mwisho wa mwezi huu mwanasaikolojia wetu anastaafu, baada ya kulitumikia gereza hili kwa miaka thelathini na mmoja. Wafungwa walimpachika jina la Mama Unajuta kwa sababu ya swali lake la kila siku, "Unajuta?", na askari wa zamu hawakuchoka kumtania nalo langoni: "Utajuta leo, Mama, mvua imelala ofisini kwako." Alicheka kila mara, akachukua ufagio. Mimi, mwalimu wa darasa la wafungwa, nilitenganishwa naye na ukuta mmoja tu, na nimeombwa niandike maneno matamu katika jarida letu la gereza. Nitajaribu.

Kazi yake ilikuwa kuwapima wafungwa ili kujua nani ana usaikopathi, yaani ule moyo uliokufa ganzi, usiomhurumia mtu wala kujutia kosa. Aliyepata alama za juu alipelekwa seli za peke yake, nyuma ya jiko, na kwa kawaida huko ndiko alikobaki. Chumba cha vipimo kilikuwa na meza iliyopigiliwa sakafuni, viti viwili, na dirisha linalotazama ukuta. Mwingine angeomba uhamisho. Yeye aliomba pazia, akanyimwa, akashona la kwake.

Tatizo lilikuwa wanaume wa milimani. Walikuwa wachache gerezani, lakini karibu wote kipimo kilionyesha wana mioyo mikavu. Wakubwa hawakushangaa. "Wale ndivyo walivyozaliwa," walisema, wakikoroga chai. Mama hakuridhika. Siku moja ya wageni alimsikia bibi mmoja wa milimani akimbembeleza mjukuu aliyekuwa akitetemeka kwa kumwona mbwa wa lango. Lugha yao hakuijua, ila neno moja sikio lake lilikuwa limelizoea: ndilo mkalimani wetu, askari aliyekulia mjini, alilotumia siku zote kuwauliza kama wanajuta.

"Afande," akamwambia, "watu hawa umekuwa ukiwauliza kama wanajuta, au kama wanaogopa?"

"Si kilekile, Mama? Anayejuta si ndiye anayeogopa?"

"Wewe ukimwogopa mbwa, unajutia nini?"

Afande alicheka, kisha akavua kofia. Kumbe miaka yote wanaume wazima walikuwa wakiulizwa, mbele ya askari, kama wanaogopa. Nao walijibu kama mwanamume yeyote angejibu: hapana, hata kidogo.

Mama alitafuta mkalimani mwingine, akaanza upya na yule tunayemwita Seremala, aliyemuua mume wa dada yake katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Safari hii swali lilifika. Seremala akasema, "Hilo hamjawahi kuniuliza." Akaongea juu ya dada yake mpaka kengele ya chakula, akilia na kujifuta kamasi kwa mkono wa shati. Alama zake zikaporomoka. Mama akaiomba bodi ya gereza imtoe seli ya peke yake, yeye na wenzake.

Wenzake walitolewa mmoja mmoja. Seremala hapana, maana kesi yake iliwahi kuandikwa magazetini na bodi iliogopa kelele. "Mama, naona wa milimani wamekufundisha kulia," mwenyekiti alimwambia, na wajumbe wakacheka. Kila mwaka alisimama mbele yao, kila mwaka suala "lilipokelewa". Wajumbe hulisoma jarida hili, basi wasome na hili: kutoijua lugha ya mtu kunasameheka. Mlielezwa, mkaelewa, mkaendelea kumfungia. Kwa hilo sina neno la adabu.

Mwezi uliopita bodi ilikubali apimwe tena. Ilikuwa miaka kumi na mmoja imepita. Swali lilikuwa sahihi, mkalimani alikuwa wa kwao. Seremala alitazama pazia. Alisema dada yake hamkumbuki vizuri. Akauliza kama wamemaliza, arudi.

Tulimsihi Mama apunguze alama kidogo, mtu wake atoke. "Mwalimu," akaniambia, "nikidanganya leo, hata zile za kweli nilizowapelekea wataziita uongo." Akaziandika kama zilivyokuwa, za juu, na chini yake akaongeza: "Niliyempima miaka kumi na mmoja iliyopita hakuwa huyu. Huyu tumemtengeneza hapa." Bodi ikasoma mstari wa alama, ikafunga jalada.

Mama, tunakushukuru kwa kazi ambayo wengi wetu hatukuwa na ubavu wa kuifanya. Wajukuu wako wanakusubiri, na bustani yako pia. Lakini tumesikia umekwisha kumwambia bwana jela kwamba kuanzia mwezi ujao utakuja siku za wageni kumtazama Seremala, ambaye hana mgeni mwingine, na kwamba utapanga foleni nje kama watu wote. Tunakutakia maisha mema, na miguu yenye nguvu ya kusimama juani.