Mzee Onja na Makopo Mawili ya Mwarobaini

Yule mliyezoea kumwita Mzee Onja alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, kitinda mimba wa mshona viatu na mkunga. Utotoni hakupita kwenye jani bila kulitia mdomoni, na mama yake alikiri kwamba hata fimbo haikumwachisha.

Alisoma hadi darasa la saba, baba yake akafariki. Mjomba wake, muuza dawa za miti shamba, akamchukua na kumfundisha kazi. Mwaka 1974 alifungua duka lake nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye mlango mkaidi na harufu iliyomfuata hadi nyumbani.

Mwaka uliofuata alimwoa fundi cherehani wa jirani. Mkewe husimulia kwamba siku ya posa Mzee alipewa chai, akainusa kwanza. "Nikamwambia, kaka, kunywa tu, hiyo ni chai!"

Sifa yake kubwa ilikuwa mwarobaini. Mti huo una pacha wake, mmelia, ambao ni sumu, na wachuuzi wengine huyachanganya majani yake na ya mwarobaini bila haya. Jani bichi halisumbui: la mwarobaini hujipanga kwenye kijiti kimoja, la mmelia kijiti chake hugawanyika tena. Likishakauka na kupondwa, hapo ndipo pana kazi. Mzee alilisugua kiganjani, akanusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akatoa hukumu. Dukani aliweka makopo mawili yanayofanana, moja la dawa, jingine la mmelia wa kuwaonyeshea wateja tofauti. Hayakuwa na maandishi yoyote. "Lebo ni pua yangu," alijigamba.

Binti yake mkubwa, aliyeuza naye, alimwomba mara nyingi amfundishe majani makavu. Mzee alicheka. "Haraka ya nini, mama? Kwani mimi naenda wapi?"

Mwaka juzi alipata kiharusi. Kilimwachia maneno, kikaondoka na ladha na harufu. Wateja walipozidi kuulizia dawa, binti alimletea makopo yote mawili kitandani. Mzee akasugua, akanusa, akaonja, akarudia tena. Kisha akamtazama bintiye.

"Mwanangu, sijui."

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Walilia wote wawili. Siku hiyohiyo binti aliyamwaga majani yote kwenye shimo la taka, ya dawa na ya sumu pamoja, akafunga duka. Inauma kusema, lakini Mzee hakujisamehe. "Jioni moja tu ingetosha," alikuwa akituambia kila tulipokaa naye.

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Mkubwa wa watoto hao ni yule binti, ambaye hadi leo anajua majani mabichi tu.

Mzee Onja, ulale kwa amani.