Jin Isiyo na Kilevi ya Kumuaga Fundi Gramu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vipimo. Waheshimiwa wakuu wa vitengo. Mama yetu, mke wa mstaafu, pamoja na wanao. Wafanyakazi wenzangu wa karakana ya mizani. Na wewe mwenyewe Fundi Gramu, ambaye kwa miaka thelathini na moja umewanyima usingizi wauza nyama wa mji huu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimepewa dakika tano nimsifu mstaafu. Naomba nizitumie kueleza kilichomo ndani ya glasi zenu.

Mnajua kwamba Fundi aliacha pombe miaka minne iliyopita, na aliiacha kama anavyopiga lakiri kwenye mizani: mara moja, bila kurudia. Tangu hapo, kila tulipomuaga mtu, sisi tulipewa jin na toniki yenye kipande cha limau. Yeye akaletewa soda nyekundu yenye mrija, kwenye sinia moja na wajukuu wa waalikwa. Mwezi uliopita akatangaza kwamba sherehe yake mwenyewe hatahudhuria. Nilimfuata mezani kwake kumwuliza sababu. Akaendelea kufuta jiwe la kilo mbili, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nimestaafu pombe. Sijastaafu watu."

Je, tungemuaga mtu ambaye hayupo? Kamati ikaundwa: mimi mwenyekiti, dereva wetu, na Mama Chai wa jikoni. Tukanunua chupa sita za jin isiyo na kilevi, kila moja ya aina yake. Kosa letu sitalificha. Kwa kuwa sisi ni watu wa vipimo, tulionja kila moja peke yake bila toniki, kwa kijiko, mbele ya fomu yenye safu kumi na nne. Chupa ya nne ilipata alama tisini na moja. Dereva aliandika kwamba ina hekima. Tulipoichanganya na toniki ikawa dawa ya kikohozi ya watoto. Ya kwanza, iliyopata kumi na mbili kwa kunuka kama kabati jipya, tulikuwa tumekwisha kuiweka sakafuni, kando ya ndoo ya kupigia deki.

Mama Chai, ambaye katika safu zote alikuwa ameandika "sijui", akatuuliza kwa upole, "Wazee wangu, nani huonja unga ili ajue utamu wa mkate?"

Tukaanza upya, safari hii na toniki ndani. Tukajifunza kwamba toniki huja na sukari yake, hivyo chupa tamu ni mzigo juu ya mzigo. Kwamba pasipo kilevi hakuna kinachochoma koo, hivyo pilipili au tangawizi sharti ishike zamu. Kwamba harufu ya mreteni, tunda linaloipa jin ladha yake, ikiwa si kali, toniki huimeza nzimanzima. Na kwamba kipimo ni sehemu moja ya jin kwa mbili za toniki, si moja kwa nne. Iliyoshinda ni ile ya kabati. Dereva alikunywa glasi tatu, akatukabidhi ufunguo wa gari kwa uadilifu, na ilibidi asomewe lebo mara mbili ndipo akakubali kurudishiwa.

Likabaki jambo moja. Mheshimiwa Mkurugenzi aliagiza kwa maandishi kwamba chupa hiyo iwe ya Fundi peke yake, wengine tupewe jin halisi, kwa kuwa, nanukuu, "mtu mzima huijua tofauti." Agizo hilo nililisoma kwa makini sana. Kisha nikawaza habari ya sinia.

Mheshimiwa, ukumbini humu mna chupa za aina moja tu. Glasi uliyoshika ni ya tatu, na nusu saa iliyopita ulinishika bega ukaniagiza nimwambie mhudumu apunguze ukali. Barua yangu ya onyo nitaipokea kesho kwa mikono miwili.

Na wewe Fundi, itazame glasi yako, kisha ya jirani yako. Kagua kama ulivyozoea. Ukikuta zinatofautiana hata kwa tone, ifunge karakana.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa tunyanyue, sote kwa pamoja.